Kikombe cha Fundi

"Faili ipo, Shiru! Si unaiona na macho yako?"

"Mimi naiona. Iambie hiyo mashine iione."

"Usinipigie kelele. Aliyekataa kufanya kazi ni kompaila, si mimi."

"Na nani aliniambia Linux haina shida? 'Windows imezeeka, mrembo, wacha nikuwekee Linux.' Si ni wewe?"

"Ni mimi. Ningejua, ningekuachia huyo mzee wako, Windows."

Siku nyingine Shiru angecheka, ampige kofi la bega. Leo hakucheka. Yeye na Ramzy walikuwa wamekaa kwenye ngazi za saruji mbele ya nyumba yao, Kawangware, laptop ikiwa mapajani mwa Shiru. Alikuwa amevaa gauni la manjano, lile la harusi za watu, kwa sababu saa nane alitakiwa kusimama mbele ya walimu chuoni na kuonyesha mradi wake wa mwisho: kidude cha kuzima pampu tangi la maji likijaa. Waya zilikuwa tayari. Programu alikuwa ameiandika mpaka nukta ya mwisho. Ilibaki kuipitisha kwenye kompaila, ambayo ndiyo hugeuza maandishi ya mtu yakawa lugha ya mashine. Mwalimu wao, Nyamai, alikuwa amewapa kompaila hiyo kwenye flashi, na kwenye kompyuta kuukuu za chuo ilifanya kazi bila maneno. Lakini leo kila mwanafunzi alitakiwa kuja na mashine yake, na kwenye mashine ya Shiru, kila akiiita kompaila, jibu lilikuwa moja: hakuna faili kama hiyo.

"Umeipa ruhusa ya kuendeshwa?" Ramzy akauliza.

"Mara ngapi? Nimeipa mpaka nimechoka."

"Inakili tena kutoka kwa flashi."

"Ramzy, nimenakili asubuhi yote!"

Mlango ukafunguliwa nyuma yao. Mama Shiru akatoka na kikombe cha bati chenye chai, amejifunga kitenge kiunoni, mikono ina unga wa chapati. Wanawake wenzake wa kanisa walikuwa njiani.

"Fundi, shika chai. Hiyo kitu itapona?"

"Itapona, mama. Asante."

"Itengeneze haraka. Huyu akifeli nitamuuliza nani?" Akarudi jikoni.

Ramzy alikiangalia kile kikombe. Katika nyumba ya Mama Shiru, fundi wa mabomba, fundi wa stima na mchoraji wa ukuta wote walinyweshwa chai hapo hapo kwenye ngazi, kwa kikombe hicho hicho. Vikombe vya maua vilikaa kabatini nyuma ya kioo, vikisubiri wageni. Hakuna aliyeona ubaya. Ndivyo nyumba ilivyoendeshwa.

"Mara ya tatu," Ramzy akasema polepole. "Mara ya tatu nanywea hapa nje."

"Babe, si sasa. Tafadhali."

"Si sasa, si juzi, si Jumapili. Niambie utamwambia lini."

"Sijamdanganya. Wewe si ni fundi?"

"Mimi ni fundi. Hata sikatai." Akaweka kikombe chini. "Lakini nikishamaliza hii laptop, Shiru, sirudi tena hapa. Ukiharibikiwa, kuna mafundi wengi Kawangware."

Shiru akainua macho kutoka kwenye kioo. Alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, viatu vimepakwa rangi, ndevu zimechongwa. Nani huja kufungua laptop akiwa amevaa hivyo? Alikuwa amevaa kuja kwa wakwe.

Walikutana Soko la Toi, kwenye rundo la makoti ya mitumba, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa koti lile lile la kijivu.

"Dada, hili ni la kiume."

"Mbona basi limekataa kukufuata?"

Ramzy aliliachilia, akamfuata mpaka kwa muuzaji wa ndizi akimwambia kwamba koti lina kola mbaya na lingemfaa yeye mwenyewe. Kibanda chake cha simu na kompyuta kilikuwa mstari wa pili tu. Wiki iliyofuata Shiru alipeleka simu isiyokuwa na ubaya wowote ikatengenezwe.

Simu ya Ramzy ikalia. Akabonyeza, sauti ikatoka kwa nguvu kabla hajaisogeza sikioni.

"Ramzy! Uko na mtoto wangu?"

"Niko naye, haboba." Ndivyo alivyomwita bibi yake, Jawahir, aliyemlea kule Kibera.

"Mwambie nimempikia mkate wa gurusa. Akimaliza mtihani mje wote. Na mamake ameshakukaribisha vizuri?"

Ramzy akatupia kikombe macho. "Nimepewa chai, haboba."

"Alhamdulillahi! Msalimie sana."

Simu ikakatika. Shiru alitamani ngazi immeze. Kwa Jawahir alikuwa amekula kwenye sinia moja na shangazi wote wa Ramzy, akatambulishwa kwa jirani mmoja mmoja mpaka akachanganya majina. Siku ile ile ya kwanza.

Akarudi kwenye mashine. Badala ya kuiendesha kompaila, safari hii aliiuliza mashine faili hiyo ni ya aina gani. Jibu likaja mstari mmoja mrefu. Akausoma. Akausoma tena.

"Ramzy. Hii kompaila ni ya biti thelathini na mbili."

"Na hii mashine ni sitini na nne." Akasogea karibu, bega kwa bega, amesahau kununa. "Chuoni mashine ni za zamani, ndiyo maana!"

"Lakini kwa nini inasema faili haipo? Si iseme tu haiwezi?"

"Ngoja..." Akafikiri. "Kila programu hapa ina mpokezi wake. Kiprogramu kidogo, ndicho kinaishika mkono na kuiingiza. Mpokezi wa hizi za zamani hayuko kwa hii mashine. Sikumuweka."

"Kwa hiyo anayekosekana ni mpokezi."

"Eeh. Faili ipo. Imesimama tu mlangoni na hakuna wa kuiingiza, na mashine inasema hakuna mtu."

Alisema hivyo kama fundi, macho kwenye kioo. Shiru ndiye aliyeacha kuandika.

"Endelea, muda unaisha," Ramzy akamwambia. Akamwashia intaneti ya simu yake. Shiru akaiagiza mashine ikubali programu za biti thelathini na mbili, akaagiza mpokezi wa hizo na vijiprogramu vya kumsaidia. Mistari ikateremka kwenye kioo. Intaneti ikakwama, ikakaa, ikaendelea. Akaita kompaila. Mashine haikulalamika. Akaipa programu yake, akaituma kwenye kadi ya saketi ya kile kidude chake, akachovya waya kwenye ndoo ya maji. Taa nyekundu, aliyoiweka badala ya pampu, ikazima kama alivyoiandika izime.

"Imekubali!" Shiru akapiga kelele. "Ramzy, imekubali!"

"Nilijua. Wewe ni mkali." Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. Akazungusha waya wa chaja, akaufunga, akanyanyua begi. "Haya. Kazi ya fundi imeisha. Waonyeshe hao walimu, malkia."

Mama Shiru akachungulia mlangoni. "Imepona? Asante sana, fundi. Mungu akubariki. Shiru, msindikize mpaka kwa geti, wamama wanafika."

Ramzy akainama kuchukua kikombe ili amrudishie. Shiru akamnyang'anya. Akamwaga chai yote chini kwenye vumbi.

"Wee Shiru! Una wazimu?"

Shiru alimshika Ramzy mkono, akampitisha mlangoni kando ya mama yake, mpaka sebuleni, akamkalisha kwenye kiti kikubwa chenye vitambaa vyeupe. Akafungua kabati la kioo. Akatoa kikombe cha maua, akakiweka kwenye kisahani chake.

"Mami, huyu anaitwa Ramzy Fadul. Ni wa Kibera, ni Mwislamu, ana kibanda Toi. Mwaka mzima nakuambia ni fundi. Ni mtu wangu."

Mama alisimama hapo na unga wake mikononi. Nje, geti likagongwa, sauti za wanawake zikaanza kuita hodi.

"Hicho kikombe," mama akasema hatimaye, "ni cha wageni."

"Najua, mami," Shiru akasema, akainua birika la chai lililokuwa mezani na kumimina.