Mashini Yenye Kuuliza

Wajukuu, hii ilimufikia rafiki yangu Kasoki, wakati vita ilishuka Munigi. Bwana yake Josias, fundi, alikimbilia Kituku, kwa bandari ya ziwa, kutafuta mutumbwi wa kuvusha watoto, hakurudi. Kasoki akaenda kwa atelye, pale bwana yake alitumikia, kuchukua mashini yake. Ile mashini ilikuwa kifaa cha kuchungulia puce, ule ubongo mudogo wa vyombo: inauliza puce, puce ikijibu, inalia tik.

Ndani, giza tupu, umeme ulikatika. Tik. Tik.

Kasoki akachomoa puce, akaifumbata. Josias alizoea kumuambia, akimuita kwa jina la mutoto wao: “Mama Jephté, puce ikitoka na mashini ingali inalia, basi mimi ni fundi ya bure!”

Ikaendelea kulia.

“Papa Jephté, uko muzima?” Kasoki akaiuliza.

Mashini ikanyamaza. Ndani ya ngumi ya Kasoki, maji ya baridi ikaanza kupita katikati ya vidole.