Mzabibu Uliosingiziwa

Kila asubuhi, kabla ya chai, Sarvinoz alikuwa na kazi moja iliyokaguliwa na mtaa mzima: kumwagia maji na kufagia mbele ya lango lao. Katika vichochoro vya mji wa Margilani, lango lenye vumbi ni tangazo kwamba ndani kuna msichana mvivu. Shangazi Hurshida, jirani wa lango la pili, hakuhitaji miwani kuona vumbi la wenzake.

"Leo umeosha barabara au unaiandalia harusi?" alimtania.

"Nimeosha tu, Shangazi. Harusi utagharamia wewe!"

Zamani watu walinyunyiza maji kwa mkono, kutoka kwenye ndoo. Sarvinoz aliona ndoo ni mambo ya kizee. Yeye aliufungulia mpira wa maji hadi mwisho, akaulaza chini utiririke, kisha akaanza soga na Shangazi. Barabara ililowa, viatu vikalowa, hata paka akahama.

Siku hiyo baba yake, Bahodir, aliingia uani na bili ya maji mkononi. Hakukaa. Aliisoma amesimama, akainua macho kuutazama mzabibu mkubwa uliotanda juu ya ua wote kama dari.

"Tangu tuwekewe mita, bili inapanda tu," alisema. "Mnywaji mwenyewe ni huyu. Jumapili naukata."

Bibi Oydin, mama wa Bahodir, alikuwa akichambua mchele wa pilau. Mkono wake ukabaki hewani. Mzabibu ule ulipandwa na marehemu mumewe mwaka aliozaliwa Bahodir. Chini yake ndipo walipokula, ndipo walipolala mchana wa joto.

"Basi nikate na mimi," Bibi alisema. "Mimi nakunywa chai kuliko huo mti."

"Mama, sitanii."

Bibi alirudi kwenye mchele wake. Lakini Sarvinoz aliona anachambua ule ule aliokwisha kuuchambua, na macho yake hayakuwa kwenye sinia. Akaukumbuka ule mpira wake wa asubuhi.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "si mzabibu. Ni mimi. Naacha mpira unatiririka pale langoni."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka Shangazi Hurshida amalize habari."

"Ee Mungu wangu!" Bibi akashika kichwa. "Basi tumekwisha!"

Baba alitaka kucheka, akajizuia. "Vizuri umesema. Kuanzia kesho, ndoo. Lakini mpira wa asubuhi peke yake haufikishi bili hii. Mzabibu unaondoka."

Mchana Sarvinoz alikaa chini ya mzabibu, kidevu magotini. Akakumbuka mwalimu wao wa sayansi alivyowaambia: kujua kama nyumba inavuja, funga mabomba yote, kisha kaitazame mita. Akazunguka nyumba nzima akifunga.

"Bibi, usiguse maji kidogo."

"Hata chai?"

"Hata chai!"

Akafunua kifuniko cha mita karibu na lango. Kigurudumu chekundu kilikuwa kinazunguka, polepole, bila haya. Mabomba yamefungwa, mzabibu haujapewa hata tone tangu jana. Sasa nani anakunywa?

Mwalimu alikuwa amesema jambo jingine: choo huvuja kimyakimya, na njia ya kukigundua ni kutia maji ya rangi ndani ya tangi. Rangi hakuwa nayo. Jikoni kulikuwa na bitiruti za saladi. Akazikwaruza, akazikamua, na juisi nyekundu akaimimina yote ndani ya tangi la choo. Akatoka mbio kumwita Baba.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Hakumwambia Bibi.

"Bahodir!" Sauti ilitoka chooni ikapita mtaa wa pili. "Njoo upesi! Choo kimechinja!"

Baba alifika na kandambili moja. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, ananyoosha kidole. Maji ndani ya bakuli la choo yalikuwa mekundu.

"Bibi, ulivuta maji?" Sarvinoz aliuliza, anahema.

"Nivute nini? Nimekuta hivi! Hata kukaa sijakaa!"

"Umeona, Baba? Ni bitiruti. Niliitia kwenye tangi. Hakuna aliyevuta, na imeshuka yenyewe."

Baba akafunua tangi, akapeleka mkono chini. Mpira wa kuzibia ulikuwa umeliwa ukingo mzima. Maji yalipita pale mchana na usiku, membamba kama uzi, bila kelele. Jioni hiyo alirudi na mpira mpya, akauweka. Sarvinoz akakimbilia kwenye mita. Kigurudumu kimetulia tuli.

Hata hivyo, Jumapili Baba alitoka stoo na msumeno. Bibi akaweka kikombe chini. Sarvinoz akajibanza kwenye nguzo ya mzabibu. Baba akapanda ngazi, akakata tawi moja lililokauka, akalichonga kigingi na kukipigilia langoni. Mpira wa maji akautundika hapo.

"Huu upumzike," alisema.

Tangu hapo Sarvinoz alinyunyiza kwa mkono, na maji ya kuoshea mchele yakawa kinywaji cha mzabibu. Shangazi Hurshida alilalamika kwamba soga zimekuwa fupi. Bili iliyofuata, Baba aliisoma amekaa, na chai mkononi.

"Nilitaka kuukata mzabibu usio na hatia kwa sababu ndio unaoonekana," alisema. "Maji mengi hupotea pasipoonekana. Anayetaka kupunguza bili achunguze kwanza, ahukumu baadaye. Na aanze kujichunguza mwenyewe, kama alivyofanya huyu binti."

Bibi akachuma kichala cha zabibu, akampa mjukuu wake.

"Hongera," alisema. "Ila siku nyingine ukipeleka bitiruti chooni, nipe taarifa."