Mikono Iliyosema Katikati ya Mngurumo

"Pete yako hii hapa. Nimeifunga kwenye kitambaa isipotee, ingawa wewe kupoteza vitu vya watu ndiyo kazi yako."

Sindano alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake cha ushonaji, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Jina hilo alipewa mtaani, na si kwa ajili ya kushona tu. Mbele yake alisimama mchumba wake, mchoraji wa kampuni iliyokuja kuujenga mji upya, kijana mrefu ambaye mtaa mzima ulimwita Ramani.

"Sindano, nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza miezi minane. Leo nimesoma. Karatasi iko kwenye duka la fotokopi, kila mtu anaisoma bure. Karakana ya kufumia, kubomolewa. Chini yake sahihi yako, tena umeipamba na mkia."

"Sahihi ni yangu," alisema Ramani. "Niliiweka kabla sijakufahamu, kabla hata sijaingia humo ndani. Subiri mkutano wa Alhamisi."

"Kwa nini usiseme sasa?"

"Nimekatazwa kusema mpaka wakubwa waamue."

"Basi na kuoa umekatazwa."

Akafunga mlango. Halafu akaufungua tena, akamnyang'anya kile kitambaa, akakifungua, maana kilikuwa cha suruali ya mteja, akamwachia pete kiganjani, akafunga kwa mara ya pili.

Tusimlaumu. Mama yake alifuma katika karakana ile miaka ishirini na saba. Mitambo mia mbili iliponguruma kwa pamoja, mtu hakusikia hata chafya yake mwenyewe, kwa hiyo wafumaji wakajitungia maneno ya mikono. Kidole shavuni, uzi umekatika. Kiganja kifuani, samahani. Ngumi mbili zikigongana, msimamizi anakuja, nyamazeni. Watu walipendana hivyo, wakagombana hivyo, wakaposana hivyo. Kiwanda kilipofungwa, masikio ya wengi yalibaki humo humo, lakini mikono ilitoka hai. Hadi leo ukipita sokoni unaweza kusengenywa na wazee wawili kutoka pande mbili za barabara, nao wanakuchekea. Hadi leo, ukipewa miadi katika mji ule, huambiwi asubuhi. Unaambiwa zamu ya kwanza.

Jioni ile ujumbe uliingia kwenye simu.

"Umekula?"

Sindano akajibu: "Nimekula tofali. Bomoa jingine uniletee."

"Alhamisi, zamu ya kwanza. Njoo tu, tafadhali."

Aliusoma mara sita, na suruali ya mteja akaishona miguu yote miwili upande mmoja.

Nyumbani nako mambo yalikuwa na namna yake. Kila mchana Mama alijifunga kitambaa kichwani akatoka, akarudi anacheka peke yake.

"Unakwenda wapi, Mama?" Sindano aliuliza kwa mikono.

"Kwa mgonjwa," Mama alijibu kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Mgonjwa gani?"

"Kijana mmoja. Vidole vimemkakamaa kama kuni. Ila hakati tamaa, maskini."

Alhamisi ikafika. Mkutano ulifanyika ndani ya karakana yenyewe. Mwanga wa asubuhi ulishuka kupitia vioo vya paa, ukalala juu ya sakafu iliyolainishwa na nyayo za vizazi vitatu. Wafumaji wastaafu, kama sitini hivi, waliingia, na bila kuelekezwa kila mmoja akaweka kiti pale mtambo wake ulipokuwa. Sindano aliketi na Mama yake penye nafasi yake ya zamani, na hotuba ya kurasa nne mkononi, kali zote.

Ramani akasimama. "Wazee wangu, ndugu zangu..."

Hapo ikagonga saa nne. Babu Grisi, fundi mitambo wa zamani, alikuwa ameambiwa saa nne kamili awashe mtambo mmoja alioutengeneza upya ili watu wauone. Yeye ni kiziwi kama nguzo, hotuba haikumhusu. Akawasha. Karakana ikatetemeka, na mdomo wa Ramani ukabaki unafunguka na kufumba kama wa samaki. Watu walimpungia Babu Grisi azime. Akadhani anapongezwa, akawapungia pia.

Ramani akaweka karatasi chini. Akamtazama Sindano, akainua mikono. Vidole vilikuwa vigumu kama kuni.

"Karakana inabaki," mikono ilisema, polepole. "Nimechora upya. Wamekubali leo asubuhi." Kiganja kikaenda kifuani. "Samahani. Nilichora kabla ya kuingia. Nakupenda. Rudi."

Sindano akageuka kumtazama Mama. Mama alikuwa anakagua paa kwa makini sana, kama mtu anayetafuta linapovuja.

Sasa, mapenzi humsahaulisha mtu. Ramani alidhani anaongea na mmoja. Wasomaji walikuwa sitini, na wote wakaanza kujibu.

"Mkono mzito, ila moyo anao," aliashiria mzee mmoja.

"Nakupenda yake imekwenda juu mno. Arudie."

"Mchukue, binti. Ukimkataa, mimi ni mjane."

"Wanasema nini?" meneja wa kampuni alipaza sauti. Hakuna aliyemsikia, na aliyemsikia hakumwambia.

Sindano akazikunja zile kurasa nne, akazikalia, kisha akainuka tena.

"Pete iko wapi?" aliuliza kwa mikono.

Ramani akapapasa mfuko wa shati, akaitoa.

Sindano akagonganisha ngumi mbili. Msimamizi anakuja, nyamaza. Akatembea kumfuata, Ramani akamshika mkono wa kulia, na Babu Grisi akazima mtambo wakati huo huo, hivyo katika ukimya wote ule ikasikika sauti moja tu, ya mtu asiyejua kuwa kelele zimekwisha.

"Kidole cha mkono wa kushoto, mkwe! Nimekufundisha wiki tatu!"

Harusi ilifanyika humo humo, kabla rangi mpya ya madirisha haijakauka. Wajomba walipoanza hotuba zao ndefu, Sindano alimtazama Babu Grisi kule nyuma, akainua kidole kimoja.

Mtambo ukawaka.