Nilimwambia Mama Mkwe Wifi Haifiki Bila Mtaro

Jamani, mama mkwe wangu alianguka mtaroni mbele ya macho yangu… na mimi nilijua ni uongo wangu uliomchimbisha!

Jumamosi, saa nne asubuhi, hapa hapa Lukozi. Udongo umelowa, majirani saba wana majembe, mama wa watu kakaa kwenye tope ameshika kiuno.

Na mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Aibu yangu!

Subirini niwaambie ilivyoanza.

Naitwa Evodia. Mume wangu Emanueli yuko kikazi Dodoma. Nyumba yetu iko chini ya nyumba ya mama yake, hatua kama hamsini za mteremko. Mwezi uliopita aliniwekea wifi, intaneti ya nyumbani. Wiki iliyofuata akatuma kwa basi kidude cha kuirusha mpaka nje.

"Kichomeke kwenye soketi ya dirisha linalotazama kwa mama. Kitachukua wifi ya ndani kimrushie yeye. Nataka nimwone uso kila jioni."

Waya hakuna. Kazi ya dakika kumi!

Nikakificha kabatini.

Kwa nini? Niseme ukweli. Niliona wakianza kuongea kila jioni, nimekwisha. Mama atamwambia shamba la kabichi limejaa magugu. Atamwambia sishindi nyumbani. Atamwambia hata kuni simpelekei.

Emanueli nikamwambia kidude kimefika kimeungua. Mama naye alipokuja kuuliza lini wifi itamfikia…

"Shikamoo mama. Hiyo haiwezekani bila waya. Mpaka uchimbwe mtaro kutoka kwako hadi kwangu."

"Mtaro?"

"Tena mrefu, mama."

Nilijua mama wa miaka sitini na nane hatathubutu. Akaitikia tu, akaenda zake.

Siku tatu baadaye nikasikia jembe. Pu! Pu! Kutoka mlangoni kwake, kuja kwangu!

Sikuuliza. Ningeanzia wapi? Wiki nzima nikawa napita njia ya nyuma nisikutane naye. Jumamosi majirani wakaja kumsaidia, kama ilivyo desturi yetu huku. Ndipo akateleza.

Walipomwinua nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye tope.

"Mama nisamehe! Mtaro hauna kazi! Wifi haihitaji waya, kidude kipo kabatini, nilikudanganya!"

Mzee Fanueli, jirani yetu, akaegemea jembe.

"Wifi gani, binti? Sisi tunachimba mtaro wa bomba."

"Bomba?"

"La maji. Mama Emanueli kavutiwa maji majuzi. Kasema mkwe wake anahangaika na ndoo kila asubuhi, yateremshwe mpaka kwako."

Wapendwa, nilitamani wanifukie humo humo!

Hakuna aliyejua uongo wangu. Nimejianika mwenyewe mbele ya watu saba, na mmoja wao mzee wa kanisa.

Mama alinitazama sana.

"Kwa hiyo siku zote hizi ningekuwa namwona mwanangu?"

Nililia mpaka kamasi.

Nikakimbia ndani, nikakichomeka kile kidude dirishani. Kikawaka. Nikapanda na simu yangu mpaka kwa mama, nikampigia Emanueli kwa video.

"Mama!" Emanueli akapiga kelele kwa furaha. Kisha akakunja uso. "Lakini si nilisikia kidude kiliungua?"

Nikasema moyoni, sasa ndiyo ndoa inaishia hapa.

Mama akanigeukia, tope bado liko kwenye kanga yake.

"Kilikuwa na shida kidogo," akasema. "Mke wako amekitengeneza leo."

Jamani… niliyemwogopa kwamba atanichongea, ndiye aliyenisitiri!

Jioni ile nilimweleza Emanueli yote kwa mdomo wangu. Alikata simu, na mpaka leo ananijibu kwa mkato. Nastahili.

Ila wewe unayemficha mtu haki yake ukiogopa atakusema, hebu jiulize kwanza. Yeye amewahi kukusema, au unamhukumu kwa roho yako wewe?