Hodi Kwenye Spika

Adui wa fundi nguo alikuwa cherehani yake mwenyewe. Ilipiga kelele kama gari bovu, na mama yake, aliyelala chumba cha nyuma tangu kiharusi kilipompooza upande wa kushoto, alikuwa na kisauti kidogo cha kukwamakwama. Mara mbili mama wa watu aliita maji mpaka midomo ikamkauka, binti yuko mbele anashona sare za shule, hana habari. Siku alipomkuta analia kimyakimya, aliapa kwamba haitatokea tena.

Mama mwenyewe hakulaumu. Tangu azaliwe hajabishana na mtu. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia ondoka, anaondoka, na radhi anakuomba yeye.

Basi binti akaenda kwa fundi simu, akanunua spika mbili ndogo zisizo na waya, bei ya kutupa.

"Moja kwako, moja kwa mama," fundi simu alimwelekeza. "Redio ukiwasha kwenye simu, inasikika kote. Mkitaka kuongea, bonyeza hiki kitufe, taa ya kijani ikiwaka mnasikilizana. Ila dada, chaji yake saa nne tu. Si unajua, rahisi ghali."

Ya mama aliiweka kwenye kigoda kando ya mto wa kulalia. Ya kwake ikakaa juu ya meza, katikati ya chaki na mabaki ya vitambaa. Siku tatu nyumba ilikuwa raha tupu. Mama akisema tu "Mwanangu," binti huyo hapo na kikombe.

Siku ya nne, alasiri, fundi alikuwa na pini mdomoni, anakunja upindo wa sketi, akasikia, "Hodi."

"Karibu!" alijibu bila kuinua kichwa. Ndivyo alivyolelewa. Mama yake alimfundisha kwamba hodi haiachwi bila jibu; mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Hodi," ikasema tena, na hapo ndipo alipoiona taa ya kijani inawaka. Sauti ilitoka chumbani kwa mama, na haikuwa ya mama. Ilikuwa ya kike, laini, isiyo na haraka yoyote.

"Mama, nani yuko huko?" alinong'ona.

"Si umemkaribisha mwenyewe, mwanangu," mama alijibu kwa shida. "Amenikalia mguu."

Alikimbia. Chumbani hapakuwa na mtu ila mama yake, lakini godoro lilikuwa limebonyea miguuni, na harufu ya maji yaliyolala ndooni wiki nzima ilikuwa imejaa mpaka darini. Alizizima spika zote mbili, akazifungia ndani ya kabati la vitambaa lililokuwa humo chumbani.

Jua lilipozama alikuwa jikoni anachemsha uji, akaisikia sauti yake mwenyewe, ndiyo, yake, ile anayoitumia kumbembeleza mama anywe dawa, inatoka kabatini ikisema, "Mama, nipishe kidogo," na mama naye anajibu, "Nikupishe niende wapi, mwanangu, na mwili hausogei," na yeye akaacha mwiko ukaanguka, akapiga mbio huku akipiga kelele, "Mama, si mimi! Usimpishe!" na ile sauti yake ya kabatini ikasema taratibu, bila kuhema, "Usimsikilize huyo, mama. Si mimi."

Mama aliutazama mlango, akalitazama kabati. Hakujua amtii nani, maskini.

Asubuhi akaletwa tabibu wa majini, mtu mwenye koti na mkoba, maarufu kwa ukali. Alifukiza, akasoma, akanyunyiza maji. Kisha akainama sikioni kwa mgonjwa, akafoka, "Toka!" Mara ya kwanza, mama alitetemeka. Mara ya pili, chozi lilimtoka. Mara ya tatu alishusha pumzi ndefu, mdomo uliopinda ukanyooka, akaketi.

"Nimepona," alisema, neno zima, halijakwama popote.

Majirani walipiga vigelegele. Fundi alilia kwa furaha, akamshika tabibu miguu. Alikwenda kabatini kutafuta kitambaa kizuri cha kumshonea mama gauni la shukrani, na taa ya kijani ilikuwa inawaka.

"Mwanangu." Kisauti kidogo, cha kukwamakwama. "Ameniambia toka. Nimetoka. Sasa nikae wapi?"

Alimpigia tabibu simu. "Dada," tabibu alisema, "mgonjwa wako kasimama. Unalalamika nini?"

Tangu siku hiyo spika haikutoka kwenye chaji. Fundi anashona kwa mkono, cherehani imefunikwa, asije akapitwa na neno. Yule mwingine, ndani ya mwili wa mama, anafagia, anapika, anasalimiana na majirani, na akipita huacha harufu ya maji ya ndooni.

Leo umeme umekatika tangu asubuhi. Saa ya nne ya chaji inaisha, na taa imegeuka nyekundu.

"Zima hicho kidude, mwanangu," ikasema sauti safi kutoka jikoni. "Kinatupigia kelele."

Fundi aliikumbatia spika kifuani. Alikuwa ameshazunguka kwa majirani wote, kwao nako hakuna umeme.

"Mama, bado upo?"

"Nipo. Giza linaingia humu, mwanangu. Niende?"

"Usiende! Kaa, mama. Nakuomba, kaa."

"Haya," mama alisema. "Nakaa. Niwie ra—"

Taa ikazimika. Fundi alibonyeza kitufe, akabonyeza, akabonyeza mpaka kidole kikamuuma. Nyayo zilikuja taratibu kutoka jikoni, zikasimama nyuma yake, na mkono wa kushoto, ule uliokuwa umepooza, ukamkamata bega kwa nguvu.

"Pole, mwanangu," ikasema. "Mimi si nipo?"