Sina Ng'ombe

Kila siku nikitoka shule nilikuwa napita nyumbani, navua sare, nachukua jikoni gwinya moja, andazi la kwetu, nalitafuna njiani, halafu mbio hadi maktaba ya kijiji chetu cha Letlhakeng. Kompyuta zilikuwa sita, na moja ilikuwa imekufa kitambo. Ukichelewa unamkuta Phenyo, niliyekuwa nasoma naye darasa moja, ameshaandika jina lake kwenye daftari la Mma Kebonang. Ukimwomba akupishe, anakuuliza kama ni wewe uliyemzaa.

Mma Kebonang, yaani Bi Kebonang, ndiye mkutubi wetu. Sheria zake zilibandikwa ukutani juu ya kompyuta: dakika arobaini na tano kwa kila mtu, usile hapa, usijibu ujumbe wa mtu usiyemjua, funga akaunti yako kabla ya kuinuka. Ukivunja, unakaa wiki mbili bila kugusa kompyuta. Nilikuwa nazijua zote kwa moyo, hata ungeniamsha usingizini ningekusomea. Lakini kuzijua tu hakukunisaidia. Nusura ng'ombe wa mzee wa watu apigwe mnada kwa ajili yangu.

Ilianza Jumatano. Nilikuwa nimefungua barua pepe yangu, namwandikia mjomba wangu kule Francistown, Rra Motlhabane alipoingia. Huyu Rra, yaani Bwana, ni mzee wa kata yetu, anatembea na fimbo, na kofia haivui mpaka awe ndani. Akatusalimia mmoja mmoja, akauliza tumeamkaje ingawa ilikuwa saa tisa alasiri, kisha akasimama nyuma yangu. Kwetu mzee haombi kiti, wewe ndiye unayeinuka. Basi nikainuka. Phenyo alijifanya hamwoni, macho kwenye kioo kama kameza fimbo. Mimi nikasema, "Karibu ukae, Rra," nikachukua begi langu, nikaenda zangu uwanjani nikijiona mtoto mwenye adabu kuliko wote Letlhakeng.

Akaunti sikuifunga. Haikunijia hata kichwani.

Jumatatu nikarudi, nikafungua barua pepe, nikakuta ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua. Ulisema ng'ombe wangu amepatikana.

Nikausoma mara mbili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nyumbani tulikuwa na kuku wanne na mbuzi mmoja mkorofi, naye ni wa bibi. Ng'ombe wangu yupi? Nikamwita Phenyo aone. Akacheka mpaka Mma Kebonang akamtazama kwa ukali. Akasema ni matapeli hao, kaka yake waliwahi kumwambia ameshinda gari, leo mimi wamenipa ng'ombe kwa sababu wamejua hali yangu. Nikaufuta.

Jumanne ukaja mwingine. Safari hii walinitaja kwa jina langu lote, na hapo nikaanza kuchanganyikiwa kweli. Wamejuaje jina langu? Usiku huo nilimuuliza bibi, hivihivi tu, kama marehemu babu aliacha ng'ombe mahali. Bibi akaniuliza kama nina homa.

Jumatano, wa tatu.

"Ndugu Oarabile Thipe, hii ni taarifa ya mwisho. Ng'ombe wako jike, mweusi mwenye tumbo jeupe, yuko kwenye zizi letu la mifugo iliyopotea, Dutlwe. Njoo na cheti cha chapa kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Usipofika atauzwa mnadani."

Sasa matapeli gani hawa hawaombi hata sarafu moja ya thebe? Hilo lilinisumbua, nakumbuka. Lakini Phenyo alikuwa pembeni ananiita Bwana Mifugo, na mimi hasira zikanipanda. Sheria inasema usijibu. Nikajibu. Niliandika: Sina ng'ombe. Msinisumbue tena. Nikatuma, nikaufuta na ule, nikaenda kucheza.

Alhamisi nilikuwa kwenye foleni ya daftari Rra Motlhabane alipoingia. Safari hii hakusalimia mmoja mmoja. Alikwenda moja kwa moja mezani.

"Mma," akasema, "kompyuta yenu haijanijibu?"

Mma Kebonang akamuuliza imjibu nini. Mzee akaeleza polepole. Mmalesego, ng'ombe wake wa maziwa, wa pekee ambaye ukame ulimwachia, alipotea mwezi mzima. Wiki iliyopita aliandikia ofisi ya mifugo iliyopotea, kama alivyofundishwa hapahapa kwenye darasa la wazee. Alinakili anwani kwenye karatasi, akaandika mistari minne kwa kidole kimoja, akatuma. Tangu hapo kila asubuhi anakaa mlangoni kusubiri mtu wa kumletea jibu.

"Nimesikia kesho kuna mnada Dutlwe," akasema. Akageuza kofia mikononi. "Akienda yule, Mma, sina cha kuamkia."

Nikaukumbuka ule ujumbe wa tatu. Mweusi, tumbo jeupe. Mzee alikaa kwenye kiti changu, akaunti yangu ikiwa wazi. Yaani vitu vyote vilivyonichanganya siku tatu vilikaa sawa kwa mpigo, na nikatamani visikae. Phenyo alinivuta shati, akaninong'oneza ninyamaze, nitafungiwa, na mradi wa sayansi tunatakiwa kuukabidhi Jumatatu.

Nikatoka kwenye foleni.

"Mma," nikasema, "alijibiwa. Mimi ndiye niliyefuta."

Nikaeleza yote, mpaka lile la sina ng'ombe. Mma Kebonang hakunigombeza. Alinikalisha, akaniambia fungua akaunti, fungua palipo na vilivyofutwa. Vilikuwapo vyote vitatu. Kisha akaniambia nifungue vilivyotumwa. Hapo palikuwa na barua ya mistari minne. Alikuwa amemweleza ng'ombe wake kuanzia pembe hadi mkia, na mwisho, mahali pa jina, ameandika herufi na namba za chapa yake tu, ile inayochomwa kwenye ngozi ya ng'ombe.

"Rra, jina lako hukuandika," Mma Kebonang akasema.

Mzee akashangaa. "Chapa yangu si hiyo hapo?"

Alidhani kompyuta ni kama sanduku la posta, yeyote anatumbukiza barua yake. Na kwa mtu wa ng'ombe, chapa ndiyo jina.

Mma Kebonang akapiga simu Dutlwe. Tulimsikia ofisa akiuliza kama huyo ndiye aliyesema hana ng'ombe, maana ng'ombe walishamwandika kuwa hana mwenyewe, na chapa yake imefifia nusu haisomeki. Mzee akaomba simu. Akamwambia pembe ya kushoto imeinama, sikio la kulia limekatwa mara mbili, nenda zizini umwite Mmalesego uone atakavyogeuka. Tukasubiri. Simu iliporudi, ofisa alikuwa anacheka. Amegeuka.

Kesho yake alfajiri mzee aliondoka na cheti chake, na kabla ya saa sita Mmalesego alikuwa ametoka zizini.

Mimi nilifungiwa wiki mbili. Mma Kebonang aliniita mezani akaandika jina langu daftarini mbele yangu.

"Kumpisha mzee ulifanya vizuri, na ukimwona tena umpishe," akasema. "Lakini ulimpa kiti, na jina lako ukaliacha juu ya kiti. Ukiinuka, ondoka na vyako vyote. Na kitu usichokielewa usikijibu kwa hasira wala usikifute kwa haraka. Niite. Nimekaa hapa kwa ajili hiyo." Akafunga daftari. "Umesema kweli wakati ungeweza kunyamaza. Hilo nalo nimeliandika."

Mradi wa sayansi niliuandika kwa mkono. Shule nzima ikaniita Sina Ng'ombe, na Phenyo ndiye aliyeanzisha.

Wiki ya tatu nilikuwa nimerudi kwenye kompyuta nikasikia fimbo nyuma yangu. Nikasema, "Nipe muda kidogo, Rra," nikafunga akaunti, nikahakikisha kioo kimebaki kitupu, ndipo nikainuka. Mzee akatoa mfukoni chupa ya maziwa ya mgando ya Mmalesego, akanipa. Mma Kebonang akanyoosha kidole kwenye sheria ya pili ukutani.

Nikaenda kuyanywa nje.