Uso wa Mteja wa Tatu

Asubuhi hiyo Fundi aliingia ofisini akamkuta binamu yake amesimama mbele ya kompyuta, kikombe cha chai mkononi kimepoa, hajakaa wala hajavua koti.

“Dada,” alisema bila kugeuka, “haya maneno umeyaandika wewe?”

Kwenye skrini palikuwa na ukurasa wa duka la marashi, tovuti waliyokuwa wameikabidhi kwa mwenyewe siku chache nyuma. Chini ya chupa zilizopangwa vizuri palikuwa na maoni ya wateja watatu, na kando ya maoni ya yule wa tatu palikuwa na picha ya mwanamke anayecheka dirishani. Fundi aliyajua maneno yake kwa sababu aliyatunga mwenyewe: “Marashi haya yananikumbusha nyumbani.” Sasa yalikuwa yameota mkia. “Marashi haya yananikumbusha nyumbani. Mbona hamji kunichukua?”

“Kuna mtu kaiba pasiwedi,” Fundi alisema.

“Nimeangalia. Aliyeingia mwisho ni wewe, siku ile ya kukabidhi.”

Fundi akaufuta mkia ule. Alipoinamia kibodi ikamjia harufu ya waridi, nzito, na chini ya waridi kitu kingine, kama udongo uliolowa ndani ya chumba kisichofunguliwa madirisha. Ofisini mwao hamkuwa na chupa hata moja ya marashi. Binamu akanusa kwapa lake kwanza, halafu akasema, “Si mimi.” Wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Walikuwa wawili tu katika chumba kile cha ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Binamu alishughulika na mambo ya ndani yasiyoonekana, seva na malipo na usalama. Fundi alishughulika na yanayoonekana: rangi, picha, maneno. Waliwatengenezea wafanyabiashara wadogo maduka ya mtandaoni, katika mji ambao watu bado walitaka kukishika kitu, kukigeuza, kukinusa na kubishana na mwenye duka kabla hawajafungua pochi. Kununua kwa simu kutoka kwa mtu usiyemwona? Wengi walikwisha kulizwa. Waliagiza viatu wakaletewa kandambili. Waliagiza simu wakaletewa kipande cha sabuni kilichofungwa kwa heshima zote. Kwa hiyo kila aliyekuja kwa Fundi alikuwa na ombi lile lile: niwekee watu waliokwisha kununua, wawe na sura, waseme vizuri.

Muuza marashi alikuwa mzee mpole mwenye duka jembamba kama ujia. “Mwanangu,” alimwambia, “wanunuzi wangu ni akina mama. Nitafutie mmoja mwenye uso wa kuaminika.” Lakini hakuwa na mnunuzi yeyote wa mtandaoni, maana duka lenyewe la mtandaoni lilikuwa halijafunguliwa. Fundi akatunga. Nyuso mbili alizipata kwenye picha za bure. Uso wa tatu ukamsumbua. Kila aliyempata alikuwa na meno meupe kupita kiasi na tabasamu la kukodiwa. Mwisho akafungua picha za nyumbani, akamchukua dada yake.

Dada yake mkubwa alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Enzi za uhai wake hakupenda kabisa kupigwa picha, na hiyo Fundi aliipata kwa kumvizia. Sasa akaikata kingo, akaongeza mwanga kidogo shavuni, akampa marehemu jina la kubuni na sentensi moja ya kusema. Akajiambia ni kwa muda tu, mpaka wateja wa kweli wapatikane. Akajiambia pia kwamba mama yao hajui mambo ya mitandao. Hapo ndipo roho ilipomsuta, kwa sababu mtu hajitulizi hivyo kama hajui anachokifanya.

Baada ya asubuhi ile duka likachangamka ajabu. Muuza marashi alipiga simu akicheka kama mtoto. “Na yule dada mliyemweka ajibu maswali, mpeni hongera. Wote wanamsifu. Anawaita wanangu!”

Fundi akaiweka simu mezani polepole. “Wewe ndiye unayejibu wateja wa marashi?”

“Mimi?” Binamu alisema. “Nilidhani wewe.”

Kile kisanduku cha kuandikiana na wateja kilikuwa pambo tu. Binamu hakuwa amekiunganisha na kitu chochote. Walipokifungua walikuta mazungumzo yamejaa, safu kwa safu, na kila jibu lilikuwa na picha ndogo ya mwanamke wa dirishani. Aliwauliza wanunuzi habari za watoto wao kwa majina ambayo hawakuwa wameyataja. Mjane mmoja aliuliza bei ya chupa ndogo, akajibiwa: “Chukua kubwa, mwanangu. Mumeo aliipenda harufu hii. Nipo naye hapa.” Na mjane alichukua kubwa.

Binamu alinong'ona, kana kwamba skrini ina masikio. “Dada, tuiondoe hii picha. Leo hii.”

Fundi aliitazama simu yake pale mezani. Tangu duka la marashi lianze kuvuma, muuza magodoro alikuwa amekuja, na muuza nguo za watoto, na wengine walikuwa wakipiga simu. Baada ya miaka ya kuhangaika, watu wenyewe walikuwa wakija kuiulizia ofisi yao.

“Ngoja kidogo,” alisema. “Hadi mwisho wa wiki.”

Binamu akamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu utoto wao, kisha akaenda kuisogeza meza yake karibu na mlango.

Wiki hiyo wakawa hawakai tena ofisini mmoja mmoja. Wakitoka kula mchana wakirudi, walisikia kutoka ngazini mtu akipiga kibodi ndani ya chumba walichokifunga wenyewe, harakaharaka, kwa vidole vyepesi, akitua kidogo kama anayefikiri, akiendelea. Wakifungua, hakuna mtu. Kiti cha Fundi tu, chenye joto la aliyeinuka sasa hivi.

Jumamosi jioni Fundi alikwenda nyumbani kwa mama yake. Alipofika mlangoni alimsikia akicheka. Mama hakuwa amecheka tangu msiba, na Fundi akasimama hapo na mfuko wa matunda mkononi, akifurahi kwa muda mfupi sana, mpaka akasikia sauti ya pili ikicheka pamoja naye.

Aliingia. Mama alikuwa kitandani ameegemea mto, simu ya jirani mkononi, nywele zimesukwa vizuri. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo ilichomoza kama ya ndege. Sahani ya mchana ilikuwa mezani haijaguswa. Chumba kizima kilinuka waridi.

“Unaongea na nani, mama?”

“Na mwenzako,” Mama alisema, bila mshangao wowote. “Jirani alitaka kununua marashi, akaona uso wa dada yako, akakimbia kuniletea. Kwa nini hukuniambia kwamba anapatikana?”

Fundi aliuweka mfuko wa matunda sakafuni. “Mama, dada ameshafariki.”

“Najua amefariki. Nilimwosha mimi.” Akabonyeza simu. “Sikiliza.”

Sauti ilikuwa ya dada yake, hakuna ubishi, ule ukwaruzo mdogo mwanzoni mwa kila neno, ule uvivu wa kumalizia. “Mama, huyo aliyekuja ni mdogo wangu? Mwambie asante kwa uso. Mwambie chumba changu kisifungwe.” Ilisema hayo yote na mengine mengi, ikaendelea na kuendelea, na Fundi akajikuta akisubiri kitu bila kujua anasubiri nini, mpaka kifua chake mwenyewe kilipoanza kubana ndipo akatambua: sauti ile haikuvuta pumzi hata mara moja.

Alikimbilia ofisini na kumpigia simu Binamu njiani. Walipofika akaifuta picha, ikarudi. Akaufuta ukurasa mzima. Ukarudi, na dada yake alikuwa amesogea, amelipa dirisha mgongo, amewaelekea wao. Binamu akaizima seva, akachomoa waya ukutani, na bado skrini iliwaka, na ukurasa wa magodoro ukafunguka wenyewe na juu ya godoro la kwanza alikuwa amekaa dada huyo, kisha ukurasa wa nguo za watoto naye akiwa ameshika kinguo kidogo kifuani, kisha viatu, kisha vyombo, duka baada ya duka, kila kazi waliyowahi kuifanya kwa mikono yao, na kila mara uso ulikuwa karibu zaidi, mpaka kioo kikabaki jicho na kona ya mdomo, na ile harufu ya udongo ikapanda kooni ikawa kama wanaimeza, na maneno yakaanza kujiandika taratibu pale chini: “Umenipa uso. Umenipa na la kusema. Mama amenipa chakula chake. Bado mahali pa kukaa.”

“Mungu wangu,” Binamu alisema. “Twende. Twende, twende, twende.”

Mganga waliyeelekezwa kwake alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua makali, aliyewapokea na leso puani. Aliwasikiliza hadi mwisho. Alipoelezwa habari za tovuti aliuliza maswali machache, ya maana kuliko yote ya muuza marashi.

“Huyo si dada yako,” alisema. “Dada yako amepumzika, usimsumbue kwa kumdhania vibaya. Hilo ni jini lililokuwa likipita zake. Likakuta nguo imeanikwa barabarani, haina mwenyewe, likaivaa. Nani asingevaa?”

“Utalitoa?” Fundi aliuliza.

“Mimi nitafukiza na kusoma ninayoyasoma. Lakini limeingia kwa uongo, na wanaouamini ndio wanaolilisha. Mwenye uongo ni wewe. Utauvunja mbele ya mama yako, kwa kinywa chako, nalo likisikia. Huwezi kunituma mimi.” Akapiga chafya. “Na usijipambe unaposema. Watu wakiungama hupenda kujipamba.”

Wakaenda kesho yake mchana. Mganga akaketi pembeni na chetezo chake, Binamu akasimama mlangoni. Mama alikuwa ameshika simu kifuani. Fundi akapiga magoti kando ya kitanda.

“Mama, ile picha niliiweka mimi. Nilitaka uso wa kuuzia marashi. Yale maneno niliyatunga mimi. Nilipoona kuna kitu kinajibu sikukizuia, kwa sababu kazi zilikuwa zinaingia. Niliona, mama. Nikaacha.”

Simu ikanguruma mkononi mwa Mama. “Usimsikilize,” sauti ikasema. “Alinionea wivu tangu utoto. Mama, mimi nina baridi. Mama, nifungulie. Mama.” Ikaendelea kuita, haipumui, neno likipanda juu ya neno, moshi wa chetezo ukakata kona na kwenda kusimama juu ya kitanda kama mtu aliyeinama, na mganga akasoma kwa sauti ya puani bila kupumzika, na mlango wa chumba cha marehemu ukaanza kutikisika kule nyuma kama kuna anayeusukuma kwa nje na kwa ndani kwa pamoja.

Mama alimgeukia Fundi.

“Nilijua,” alisema. “Siku ya kwanza nilijua. Mtoto nimemzaa mwenyewe, nitashindwa kumjua? Nilikuwa na hamu ya sauti tu.” Kisha akaileta simu karibu na mdomo, akaiambia kwa upole, kama anayemwambia mgeni kwamba kumekucha: “Wewe si mwanangu. Nenda.”

Mlango ukatulia. Moshi ukatawanyika. Simu ikazimika na kupoa, na ile harufu ikaondoka yote kwa pamoja, kama shuka linalovutwa.

Fundi alimwambia muuza marashi ukweli. Mzee akasema, “Mimi nilitaka wateja, mwanangu. Sikutaka marehemu wako,” na akaifunga tovuti. Muuza magodoro aliondoka, na wengine wakamfuata. Binamu hakumlaumu kwa neno hata moja, jambo lililomchoma zaidi. Mama alianza kula tena, na mashavu yakajaa tena. Fundi alihamia kwake amtunze, na watu wakasema ni binti mwema; kila waliposema hivyo alitazama chini.

Alasiri moja walikuwa wakikunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Mama akasita na shuka mkononi.

“Hebu nikumbushe,” alisema. “Dada yako alikuwa akiniitaje? Yeye mwenyewe, kabla ya yale mambo. Natafuta sauti yake, siioni.”

Fundi akaitafuta. Akarudi utotoni, jikoni, hospitalini, kila mahali ambapo dada yake aliwahi kumwita mama yao, na kila alipofika alikuta midomo inacheza na sauti ni ile moja, ile ya kwenye simu. Limeondoka nayo, aliwaza. Nimeligawia hata hiyo.

“Jaribu tu,” Mama alisema.

Fundi alitaka kusema hawezi. Akafungua kinywa aseme hivyo.

“Mama,” ikatoka, kwa ukwaruzo mdogo mwanzoni na uvivu wa kumalizia.

Shuka likaanguka. Mama akafumba macho, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyenyweshwa maji.

“Tena,” alisema.

Fundi akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nyuma ya viganja neno likaja tena, wazi kabisa, na tena, na tena, na juu ya ngozi ya mikono yake hakuhisi pumzi yoyote.